George Ferris, mhandisi aliyezungushia watu angani huko Chicago akafariki na madeni akiwa na miaka 37

Kila mwaka, kati ya mwezi wa nne na wa sita, mabasi ya wanafunzi wa sekondari huko Marekani yanaegeshwa mbele ya viwanja vya burudani. Wanafunzi wanashuka na madaftari, saa za kuhesabu sekunde, na vifaa ambavyo wengine wametengeneza wenyewe: mrija wa plastiki wenye springi na kizito ndani, au raporta ya jeometri iliyofungwa uzi na kijiwe. Wanapanda mashini zinazozunguka na zinazoteremka kwa kasi, wanapima, wanaandika, kisha wanarudi darasani kufanya hesabu. Zoezi hilo lilianza katika miaka ya 1970 na leo linafanyika katika inchi nyingi.

Kati ya mashini hizo zote, moja inaonekana ya utulivu sana, hata wazee na watoto wadogo wanaipanda. Lakini ndiyo yenye maswali mengi kwa mwalimu wa fizikia. Ni gurudumu kubwa, lile ambalo wasemaji wa Kifaransa wanaliita grande roue. Waingereza na Wamarekani wao wanaliita kwa jina la mtu. Mtu huyo ni George Washington Gale Ferris, mhandisi wa madaraja na vyuma, aliyefariki mwaka wa 1896 bila mali. Majivu ya mwili wake yalibaki zaidi ya mwaka mmoja mikononi mwa watu wa mazishi kwa sababu gharama hazikuwa zimelipwa.

Ferris alizaliwa tarehe 14 mwezi wa pili mwaka wa 1859 katika mji wa Galesburg, jimbo la Illinois. Akiwa bado mtoto, familia yake iliuza shamba na kuhamia upande wa magharibi, katika jimbo la Nevada, ambako baba yake alijulikana kwa kupanda miti katika mji wa Carson City. Inasimuliwa kwamba huko kijana alipenda kutazama gurudumu la maji katika mto Carson, likizunguka na kupandisha ndoo. Habari hiyo inapendwa sana na waandishi, na huenda ni ya kweli, lakini gurudumu la maji peke yake halimfanyi mtu kuwa mhandisi. Shule ndiyo ilimfanya. Alisoma kwanza katika chuo cha kijeshi huko Oakland, California, kisha akaingia Rensselaer, chuo cha uhandisi katika mji wa Troy, jimbo la New York, na kupata diploma yake mwaka wa 1881.

Wakati huo Marekani ilikuwa inajenga reli na madaraja kila mahali, na chuma cha pua kilikuwa kinachukua nafasi ya chuma cha zamani. Watu wachache walijua kwa uhakika kipande cha chuma hicho kinaweza kubeba uzito gani kabla ya kukatika. Ferris akafanya swali hilo kuwa kazi yake. Huko Pittsburgh alianzisha kampuni iliyopima na kukagua vyuma vya reli na madaraja kabla ya kuwekwa. Mtu aliyenunua vyuma alimlipa Ferris ili ajue kama anaweza kulala usingizi. Mwaka wa 1886 alimuoa Margaret Beatty, kutoka Canton, jimbo la Ohio.

Chicago inatafuta jibu kwa Paris

Mwaka wa 1889, Ufaransa ilifungua maonyesho makubwa ya dunia mjini Paris na kusimamisha mnara wa Eiffel. Miaka minne baadaye zamu ilikuwa ya Chicago, kwa kukumbuka miaka 400 tangu Christophe Colomb afike Amerika. Daniel Burnham, msanifu aliyeongoza ujenzi wa maonyesho hayo, alikuwa na shida moja: wahandisi wa Marekani walimletea minara tu, mmoja mrefu kuliko mwingine. Aliwakusanya na kuwaambia wazi kwamba hawajamuonyesha kitu chochote kipya, na kwamba kunakili mnara wa Paris na kuuongeza urefu hakutaipa Marekani heshima.

Ferris alikuwa mmoja wa waliosikiliza maneno hayo. Kufuatana na maelezo yake mwenyewe, wazo lilimjia akiwa mezani, katika chakula cha jioni na wenzake, na kabla ya kuondoka alikuwa amekwisha kuchora karibu kila kitu: ukubwa, idadi ya mabehewa, hata bei ya tikiti.

Haikuwa mara ya kwanza binadamu kuzungushwa hewani kwa gurudumu. Magurudumu ya mbao ya kuzungushia watu yalijulikana huko Asia na Ulaya kwa karne nyingi. Hata Marekani, fundi William Somers alikuwa amejenga ya mbao, yenye kimo cha mita 15 hivi, katika mji wa Atlantic City na pwani zingine. Baadaye Somers alimshitaki Ferris kwa kumuibia wazo, na mahakama haikumpa haki. Jambo ambalo halikuwa limefanywa na mtu yeyote ni ukubwa: Ferris alitaka gurudumu la mita 76 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, lenye kilele cha mita 80 juu ya udongo.

Burnham alipoona michoro alikataa. Kwake yeye, vyuma vile vilikuwa vyembamba mno. Jicho la msanifu lilimuambia kwamba kitu hicho kitajikunja na kuua watu.

Hapa ndipo somo la fizikia linaanza. Mtu wa Goma anayetazama chukudu ikishuka na magunia ya makaa anaona gurudumu la mbao nzito. Uzito wa mzigo unashuka kutoka juu, unakandamiza mbao, unafika katika barabara. Ndiyo maana mbao inapaswa kuwa nene. Gurudumu la baiskeli linafanya kazi kwa njia nyingine. Nyuzi zake za chuma ni nyembamba sana. Ukiusukuma mmoja kwa ncha zake unapinda mara moja, lakini ukiuvuta unaweza kubeba uzito wa kushangaza. Chuma chembamba ni dhaifu kikikandamizwa na ni hodari kikivutwa. Ferris, ambaye alikuwa amepima vyuma maisha yake yote ya kazi, alilijua jambo hilo kuliko Burnham.

Katika gurudumu lake, mhimili wa katikati ulilala juu ya minara miwili ya chuma yenye kimo cha mita 42 hivi. Sehemu ya chini ya ukingo haikukaa juu ya kitu chochote. Ilining'inia kwenye mhimili kwa vyuma vya duara vyenye unene wa sentimeta 6 hivi. Sehemu ya juu ilisimama kama daraja la tao, ikibebwa na ile ya chini. Kila gurudumu lilipozunguka, chuma kilichokuwa kinavutwa chini kilipanda juu na kupumzika, na kingine kikachukua kazi yake. Mshiriki wake, mhandisi William Gronau, ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya hesabu hizo, na alizifanya kwa penseli na karatasi.

Ferris alitoa dola 25,000 kwa michoro na uchunguzi wa usalama, akatafuta matajiri wa kuweka pesa, na kuwaomba wahandisi wenye majina wathibitishe hesabu. Ruhusa ya mwisho ilitolewa tarehe 16 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1892. Maonyesho yalipaswa kufunguliwa tarehe 1 mwezi wa tano. Yaani zilibaki siku 136 za kujenga kitu ambacho dunia haikuwa imekiona.

Majira ya baridi yaliyokuwa makali

Kazi ilianza mwezi wa kwanza. Udongo wa Chicago ulikuwa umeganda karibu mita moja kwenda chini, na chini ya barafu kulikuwa na mchanga wa kudidimia wenye maji. Mafundi walipitisha mvuke katika mabomba ili kuyeyusha udongo, wakatumia mvuke tena ili saruji isigande kabla ya kukauka. Misingi minane ya zege ilishuka zaidi ya mita 10.

Viwanda vya miji mbalimbali viligawana vipande. Kile kilichotisha zaidi ni mhimili wenyewe, uliofuliwa na kampuni ya Bethlehem huko Pennsylvania: urefu karibu mita 14, unene sentimeta 84, uzito tani 40. Hakuna kipande kikubwa zaidi cha namna hiyo kilichokuwa kimefuliwa Marekani wakati huo. Kilipandishwa na kulazwa juu ya minara yake, na kila kitu kingine kikajengwa kukizunguka.

Tarehe 1 mwezi wa tano ilipita na gurudumu halijakamilika. Tarehe 9 mwezi wa sita, Luther Rice, aliyesimamia ujenzi, aliruhusu mvuke uingie katika mashini. Mabehewa hayakuwa yamefungwa bado. Gurudumu likaanza kusogea polepole, na kutoka juu zikanyesha nati, bolti na funguo ambazo mafundi walikuwa wamezisahau kwenye vyuma. Lilichukua dakika 20 kumaliza mzunguko mmoja, likasimama bila kujikunja. Ferris hakuwepo, alikuwa Pittsburgh, akisubiri telegramu. Siku mbili baadaye, mabehewa sita yakiwa yamening'inizwa, Margaret alipanda pamoja na Gronau na Rice. Umati wa watu waliokuwa wanatazama ulivunja vizuizi na kujilazimisha kupanda pia, wakati hakuna mtu aliyekuwa bado na uhakika kamili.

Ufunguzi rasmi ulifanyika tarehe 21 mwezi wa sita. Mabehewa yalikuwa 36, kila moja kubwa kama behewa la treni, na kila moja likiwa na nafasi ya watu 60. Kwa jumla watu 2,160 waliweza kuwa hewani mara moja. Tikiti iligharimu senti 50, wakati kiingilio cha maonyesho yote kilikuwa pia senti 50. Kwa bei hiyo mtu alipata mizunguko miwili: wa kwanza na vituo vya kupakia abiria, wa pili bila kusimama, ambao ulichukua dakika 9. Usiku, taa 3,000 za umeme ziliwashwa juu ya ukingo. Wakati huo watu wengi waliopanda hawakuwa wamewahi kwenda juu kuliko paa la kanisa.

Gramu 31

Namba hizo za Ferris bado zinatumika darasani, na mwanafunzi yeyote wa mwaka wa sita sayansi anaweza kuzifuata.

Abiria aliye mita 38 kutoka mhimili anazunguka njia ya mita 239 kwa dakika 9. Kasi yake ni sentimeta 44 kwa sekunde, chini ya nusu ya mwendo wa mtu anayetembea sokoni. Fizikia inasema kwamba kila kitu kinachozunguka kinahitaji nguvu inayokivuta kuelekea katikati. Akiwa kileleni, nguvu hiyo inatolewa kwenye uzito wake mwenyewe, hivyo kiti kinamsukuma kidogo kuliko kawaida na anajisikia mwepesi. Akiwa chini, kiti kinamsukuma zaidi, anajisikia mzito. Lakini kwa kiasi gani? Mtu wa kilo 60 aliyekaa juu ya mizani kileleni mwa gurudumu la Ferris angeona zimepungua gramu 31 hivi. Hakuna tumbo linaloweza kusikia tofauti hiyo. Ndiyo maana bibi na mtoto walipanda pamoja bila kizunguzungu.

Mwalimu anaweza kugeuza swali: gurudumu hilo lingezunguka haraka kiasi gani ili abiria wa kileleni asikie hana uzito kabisa? Jibu ni mzunguko mmoja kwa sekunde 12 na nusu hivi. Watoto wa kwetu wanajua jaribio hilo bila kwenda Chicago. Anayezungusha ndoo ya maji kwa mkono, juu ya kichwa chake, hamwagi tone ikiwa anazungusha haraka. Kwa mkono na kamba vyenye urefu wa mita moja, mzunguko haupaswi kuzidi sekunde 2. Kanuni ni ileile. Duara likiwa kubwa, muda unaongezeka. Wanafunzi wengi wanafikiri ndoo nzito itahitaji kasi kubwa zaidi, na wanashangaa kuona kwamba uzito hauingii katika hesabu.

Swali lingine ni la nguvu za mashini. Ferris alikuwa na mashini mbili za mvuke za nguvu ya farasi 1,000 kila moja, na ya pili iliwekwa kama akiba tu. Inaonekana kidogo kwa kupandisha watu 2,160 mita 80 hewani. Lakini gurudumu ni mizani. Wakati nusu ya abiria wanapanda, nusu nyingine wanashuka, na uzito wa wanaoshuka unasaidia kupandisha wengine. Mashini ilipaswa kushinda msuguano, tofauti ya uzito kati ya pande mbili, na upepo.

Upepo ulikuja kweli. Mwezi wa saba mwaka huo dhoruba kali ilipiga uwanja wa maonyesho na kuharibu mambo mengi. Gurudumu lilibaki wima. Katika vyuma vile vyembamba ambavyo Burnham aliviogopa, upepo ulipita katikati bila kupata mahali pa kusukuma. Burnham alikubali baadaye kwamba alikuwa amekosea.

Hesabu ambazo hazikukaa sawa

Hadi maonyesho yalipofungwa mwishoni mwa mwezi wa kumi, watu karibu milioni moja na nusu walikuwa wamelipa kupanda, na zaidi ya dola 700,000 zilikuwa zimeingia. Hakuna abiria aliyekufa kwa ajali ya gurudumu hilo. Mtu angefikiri Ferris ametajirika.

Mkataba ulisema kampuni yake ibaki na dola 300,000 za kwanza, na pesa zinazofuata zigawanywe nusu kwa nusu na wenye maonyesho. Pande mbili hazikuelewana juu ya nani amelipwa na nani bado, na mambo yakafika mahakamani. Wakati huohuo, mwaka wa 1893 ulikuwa mwaka wa mgogoro mkubwa wa uchumi Marekani: mabenki yalifunga milango, kampuni za reli zilianguka, na kampuni za reli ndizo zilizokuwa wateja wa kazi yake ya kupima vyuma.

Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba hakuliachilia gurudumu. Lilifumuliwa mwaka wa 1894 na kujengwa tena upande wa kaskazini wa Chicago, karibu na Lincoln Park, kwa matumaini ya kuwa na mgahawa, bia na muziki. Wakazi wa mtaa walipinga, kibali cha kuuza pombe hakikutolewa, na watu hawakuja kwa wingi. Mhandisi aliyejua kupima mzigo wa kila chuma hakuwa amepima jambo moja: watu waliokuja kutoka pembe zote za dunia kwa maonyesho hawangerudi kila jumapili kuzunguka katika mtaa.

Mwaka wa 1896 Margaret alirudi kwa wazazi wake Canton. Katika mwezi wa kumi na moja Ferris aliugua huko Pittsburgh na kupelekwa hospitali. Alifariki siku chache baadaye. Homa ya tumbo, yaani tifoidi, ndiyo iliyotajwa kuwa sababu. Wenzake wengine waliamini kwamba kazi na masumbuko ya madeni yalikuwa yamemaliza mwili wake kabla ya ugonjwa.

Mwaka uliofuata, Vienna, mji mkuu wa Austria, ilifungua gurudumu lake lililojengwa na Mwingereza Walter Bassett. Linazunguka mpaka leo.

Lile la Chicago liliuzwa kwa mnada mwaka wa 1903 kwa dola 1,800, bei ya vyuma chakavu. Walionunua walilisafirisha hadi St. Louis kwa maonyesho mengine ya dunia ya mwaka wa 1904. Msomaji wa Kongo anayajua maonyesho hayo kwa sababu nyingine: ndiko Ota Benga, kijana aliyechukuliwa kutoka Kongo ya mfalme Léopold II na Mmarekani Samuel Verner, aliwekwa pamoja na Wakongomani wengine mbele ya umati ili watazamwe. Gurudumu la Ferris lilizunguka juu ya uwanja huohuo.

Maonyesho yalipokwisha hakuna aliyelitaka tena. Tarehe 11 mwezi wa tano mwaka wa 1906, waliopewa kazi ya kulibomoa waliweka baruti chini ya minara. Walikuwa wamepanga lianguke upande mmoja. Halikuanguka hivyo. Lilizunguka kidogo, likasitasita, kisha likajikunja polepole juu ya nafasi yake lenyewe, na mhimili wa tani 40 ukashuka katikati ya vyuma. Lakini misingi ya zege haikuvunjika, ikabidi watoboe mashimo na kuweka baruti mara ya pili.